Sabuni Kwenye Tundu la Pampu

Kila Jumapili saa tisa alasiri nilikuwa nikifungua boneti ya gari lisilo langu, nikiwasha injini, kisha nikimpigia simu mzee mmoja aliyeko Ukambani na kuiweka simu karibu na injini ili asikilize. Hatukuwa watu wa maneno mengi. Alisikiliza dakika moja, siku nyingine mbili, akasema, "Hapo sawa," simu ikakatika. Hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili yangu. Siku sita zilizobaki ningeweza kuzimaliza bila mtu kunisemesha, labda tu mtu aulize kama ni mimi niliyehamisha ndoo yake pale bombani.

Gari lenyewe ni stesheni wagoni ya Kifaransa, refu kwa nyuma, lenye keria juu ya paa. Zamani lilikuwa jeupe. Umri wake na wangu haupishani sana. Mzee alilinunua alipostaafu udereva wa malori ya majani chai, na kwa miaka yote aliyokuwa nalo lilijua njia mbili tu: ya kanisani na ya kwao wakati wa Krismasi.

Nilikutana naye mtaa wa Ziwani. Nilikuwa nimekwenda pale kuchora kibao cha kinyozi, kazi ya siku mbili, nikapata kibanda cha kupanga nyuma ya nyumba yake, nikakaa miaka mitatu. Kwangu miaka mitatu ni mingi. Niliacha shule darasa la saba kwa sababu nilitaka kujua malori yaliyopita mbele ya shule yetu yalikuwa yanakwenda wapi. Nilidandia moja, nikakuta yanakwenda Malaba, kisha yanarudi. Mimi sikurudi. Nimepakia mkonge Voi, nimelinda ghala Eldoret, nimechora herufi za maduka Nakuru na Thika, na kila mahali niliondoka pale watu walipoanza kunizoea. Mtu akishajua ninakunywa chai bila sukari, naanza kutafuta begi langu. Sijui kwa nini, na nimejaribu kujua, maana mimi ni mtu wa kutaka kujua.

Mzee hakunipenda mwanzoni. Siku moja alinikuta nimeifungua redio yake, vipande vyote vimepangwa juu ya gazeti.

"Ilikuwa imeharibika?"

"Hapana, mzee."

"Basi uliifungulia nini?"

"Nilitaka kuona."

Alitafuna kijiti chake cha mswaki. Kisha akasema, "Rudisha hiyo redio kama ilivyokuwa. Ikilia, njoo nikuonyeshe kitu cha maana."

Ililia. Akanipeleka kwenye gari. Siku hiyo alikuwa anabadilisha gasketi za pampu ya petroli, ile pampu ya kizamani isiyotumia umeme, inayofungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na injini yenyewe kwa mkono mdogo wa chuma. Aliitoa, akanionyesha kipande kinene cheusi kilichokaa kati ya pampu na injini, kigumu kama ukwato.

"Mafundi wa barabarani hukitupa hiki," alisema. "Hudhani ni gasketi ya zamani iliyokauka. Ukikitupa, mkono wa pampu unaingia ndani kupita kiasi. Unavunjika, na vipande vinaangukia kwa injini. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Kipande cheusi hakitupwi."

"Hapo sawa."

Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wake wa kushika tochi na kupokea spana. Hakuwahi kuniuliza nimetoka wapi. Aliniuliza tu spana ya kumi na tatu iko wapi.

Kisha goti lake likaharibika. Binti yake alikuja kutoka nyumbani na pikapu ya kukodi, wakapakia kitanda, meza, sufuria, redio. Nyumba ya Ziwani ikarudishwa kwa wenyewe. Mzee alikuwa wa mwisho kupanda. Alinipa funguo za gari akiwa ameketi tayari ndani ya pikapu, dirisha likiwa wazi.

"Usiliendeshe mbali," alisema. "Liwashe tu kila Jumapili, nisikie. Goti likipona nitalirudia."

Nikalipeleka mtaa wa Mowlem, ambako nilipata chumba kwenye ploti yenye uwanja wa kutosha gari moja. Kwa mara ya kwanza maishani nilichagua chumba kwa sababu ya kitu kilichobaki nje.

Miezi ya kwanza mzee alisikia kila kitu kwenye simu. "Plagi ya tatu imelegea," alisema, nami nikaenda na spana, na kweli, ilikuwa ya tatu. Siku nyingine alisema, "Hujangoja ipate joto, una haraka ya kwenda wapi?" Sikuwa na haraka ya kwenda popote. Kulikuwa na Jumapili alizonifokea mpaka nikacheka peke yangu pale uwanjani, wapangaji wa juu wakinichungulia. Baada ya muda makosa yakapungua. Ikawa ni "Hapo sawa" tu, wiki baada ya wiki. Nilijivuna. Nilidhani nimeiva kuwa fundi.

Harufu ilianza mwaka huu, baada ya mvua za masika kwisha. Wa kwanza kuisikia alikuwa mama anayekaanga mandazi pale ukutani, hatua mbili kutoka kwenye bampa ya mbele. Anapikia makaa, na karai lake huwa juu ya moto tangu alfajiri mpaka jioni.

"Jirani," aliniita. Hilo lilikuwa neno lake la pili kwangu tangu nihamie. La kwanza lilikuwa "sogea". "Hii gari yako inanuka petroli. Na mimi niko hapa na makaa. Unataka tuonekane kwa habari ya saa moja?"

Watu wakacheka. Mwangalizi wa ploti hakucheka. Alikuja, akainama, akaona doa la maji maji kwenye saruji, akaligusa, akanusa kidole.

"Ikivuja, inatoka," alisema. "Nakupa mpaka Jumapili."

"Itoke iende wapi?"

"Hiyo mimi sijui. Gari ni yako."

Sikumwambia si langu. Nilijua halina pa kwenda. Barabarani lingevuliwa magurudumu na taa kabla jua halijatua mara mbili, na kwenye ploti nyingine wangetaka kujua mimi ni nani na nimetoka wapi. Lakini hofu yangu kubwa haikuwa hiyo. Simu yangu ilikuwa na namba nyingi za wenye maduka waliotaka vibao, na namba moja tu ya mtu aliyengoja nipige. Alikuwa akingoja kusikia injini. Gari likiondoka, au likifa, ningempigia nimwambie nini? Watu wengine wanajua kupiga simu na kuuliza umeamkaje, umekula nini, mvua imenyesha. Mimi sijawahi kujifunza.

Nikalala chali chini ya injini na tochi. Pampu ilikuwa imeloa. Chini yake kulikuwa na tundu dogo, la kuingia njiti ya kiberiti, na petroli ilikuwa ikitoka hapo, tone, kisha tone.

Mtaani kwetu kila mtu anajua dawa ya petroli inayovuja: sabuni ya mche. Petroli haiyeyushi sabuni. Nimeona matangi ya magari makubwa yakitoka Mombasa mpaka hapa na kiraka cha sabuni. Nilikata kipande, nikakiponda kwa kidole gumba mpaka kikawa laini kama ugali wa mtoto, nikakisukuma ndani ya lile tundu, nikazungushia ukanda wa mpira wa tyubu, nikafunga. Nilingoja. Hapakudondoka kitu.

Mwangalizi alipitisha kiganja chake chini, akanusa. "Hapo umeweza."

Mama wa mandazi akanipa mawili ndani ya karatasi. "Ya fundi wa sabuni," alisema. Nilikwenda kuyala chumbani, mlango wazi. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kupewa kitu kwenye ploti ile.

Sasa, gari lile siku zote lilikuwa linakunywa oili. Kila wiki mbili nilikuwa nikiongeza kidogo. Jumapili ya kwanza baada ya sabuni nilivuta kile kijiti cha kupimia, nikaona oili haijashuka. Jumapili ya pili nikaona imepanda. Nilikifuta kijiti na kupima tena. Imepanda kweli. Na mimi, mtu wa kufungua redio nzima kutaka kuona, sikutaka kuona. Nilifurahi. Nilijiambia injini imetulia, imepona, labda nimeipa mkono mzuri.

Jumapili ya tatu nilipowasha, juu ya injini palianza kugongagonga, kama mahindi yanayotikiswa ndani ya mkebe. Siku hiyo nilikuwa nimetangulia kupiga simu. Binti yake alishapokea na kumpa. Nikasogea upande wa mbele, nikaiweka simu karibu na feni ili upepo ufunike ule mlio.

"Hapo sawa," mzee akasema.

Ningenyamaza tu. Lakini nilijikuta nasema, bila kuulizwa, "Iko salama kabisa, mzee. Sijaigusa hata kidogo."

"Hapo sawa."

Simu ikakatika, nikazima injini. Nilisimama pale na uongo wangu mdomoni, nikijaribu kuumeza. Nilikuwa nimemdanganya mtu aliyeweza kusikia plagi ya tatu kutoka kilomita mia moja na kitu. Ama alijua akaamua kuniacha, ama nilikuwa nimefaulu. Sikujua kipi kibaya zaidi.

Jumatatu sikwenda kazini. Nilivuta kile kijiti, na safari hii nikakinusa. Petroli. Nikasugua ile oili kati ya vidole. Ilikuwa nyepesi kama chai. Nikafungua boliti mbili za pampu, nikaitoa, nikakigandua kila kitu kilichokuwa kimeshikamana nayo, nikakaa juu ya kreti la soda na kuifungua pampu skurubu moja moja.

Ndani kuna kiwambo cha kitambaa chenye mpira. Mkono wa chuma unakivuta chini, kinanyonya petroli. Kinaachiwa, kinaisukuma kwenda kwenye kabureta. Kiwambo cha pampu ile kilikuwa kimepasuka ukingoni, mpasuko wa urefu wa ukucha. Petroli ilikuwa inapita hapo na kuangukia kwenye chumba cha chini, na kutoka chumba hicho kulikuwa na njia mbili. Moja ni lile tundu la nje. Nyingine ni pale mkono wa pampu unapoingilia injini.

Nililitazama lile tundu kwa muda. Halikuwa limetoboka kwa uzee. Lilikuwa limetobolewa kiwandani, la duara safi, kwa makusudi, ili kiwambo kikipasuka petroli idondoke nje na mwenye gari aione. Mimi nililiziba kwa sabuni. Petroli ikafuata njia ya pili, ikaenda kujaa tumboni mwa injini, na mimi nikawa nasimama na kijiti mkononi nikishangilia kwamba oili inaongezeka.

Ndipo nilipogeuka nikaona makaa. Mama wa mandazi alikuwa anapepea jiko. Nilikuwa nimeiwasha injini ile mara tatu, imejaa petroli, hatua mbili kutoka pale alipoketi. Nikaenda kumwambia, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine ya kumwomba ahame.

"Mama, tafadhali, leo peleka moto kule langoni mpaka nimwage oili. Ile sabuni nilikosea. Petroli haikwisha, iliingia ndani."

Aliacha kupepea. "Ndani ya gari?"

"Ndani ya injini."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Alinitazama, akatazama gari, akatazama karai. "Kwa hivyo mimi nikikaanga mandazi, wewe ulikuwa unatukaanga sisi."

"Samahani, mama."

"Na ukala yangu mawili." Akafunga leso kiunoni, akabeba jiko kwa mishikio yake bila kuniruhusu nimsaidie. Kutoka langoni aliongeza kwa sauti, ploti nzima isikie, "Fundi wa sabuni!"

Niliilegeza boliti ya chini ya injini. Oili iliyotoka haikutoka kama oili. Ilikimbia, nyembamba, ikinuka mpaka macho yakaniuma. Niliiweka kwenye mtungi na kuupeleka mbali.

Kesho yake nilikwenda Grogan, kwenye maduka ya vipuri vya magari, nikiwa na pampu iliyokufa ndani ya mfuko wa unga. Niliingia maduka manne. La tano lilikuwa la mtu mwenye miwani iliyofungwa kwa selotepu.

"Niaje, mkubwa. Unatafuta nini?"

Nikamwonyesha.

"Hii?" Aliinua pampu kwenye mwanga. "Hii gari si ilizikwa? Nilidhani nilienda matanga yake."

"Iko Mowlem."

"Inatembea?"

"Itatembea."

Alipanda ngazi, akapotea kati ya masanduku, akashuka na pampu mbili zenye vumbi. Kwa macho zilikuwa pacha. Nilikuwa karibu kuchukua iliyokuwa mbele.

"Ngoja, usichukue kama viazi. Lete mkono wa ile ya zamani hapa, tulinganishe." Aliziweka ubavu kwa ubavu. Moja mkono wake ulikuwa mrefu kwa upana wa kidole. "Hii ya injini kubwa. Ungefunga, ungelia. Hii nyingine ndiyo dada yake." Akapuliza vumbi. "Ni ya baba yako, hiyo gari?"

"Ya mzee mmoja."

"Mwambie bado tupo."

Nilirudi na kuanza kazi. Nilisafisha ubavu wa injini kwa kitambaa, nikaizungusha injini kwa mkono, polepole, kidole changu kikiwa ndani ya tundu la pampu, mpaka nikahisi ile sehemu inayosukuma imegeukia upande wa pili. Mzee ndiye aliyenionyesha hivyo, kwamba usifunge pampu wakati injini inakusukuma. Nikapaka grisi, nikaweka gasketi mpya, nikaingiza mkono wa pampu, nikaanza kukaza boliti, huku kidogo, kule kidogo.

Zilikaza mapema mno. Pampu ilikuwa inakataa kukaa. Ningeweza kulazimisha, nilikuwa na spana ndefu. Niliishikilia ile spana na nikaona akilini kinywa cha mzee kikitafuna kijiti. Sema.

Nikaruka. Nilitafuta juu ya kreti, chini ya gari, ndani ya vitambaa. Kile kipande kinene cheusi nilikuwa nimekigandua siku iliyotangulia pamoja na gasketi kuukuu na uchafu, na uwanja ulikuwa umefagiwa. Nilikwenda langoni.

"Mama, ulifagia?"

"Nani mwingine hufagia hapa?"

"Kulikuwa na kitu cheusi, kigumu, kina tundu katikati."

"Kwa gunia," alisema bila kuinua kichwa. "Tafuta mwenyewe. Mimi niko na wateja."

Nikapiga magoti mbele ya gunia la taka la ploti nzima, nikatoa maganda ya viazi, karatasi zenye mafuta, chupa, nepi. Wateja wake walinitazama wakitafuna. Nilifika nusu ya gunia. Yeye ndiye aliyeinuka mwisho, akachungulia, akachomoa kitu kwa vidole viwili.

"Ni huu ukwato wa mbuzi?"

Nilikichukua kwa mikono yote miwili. Alinitazama namna nilivyokifuta kwenye shati, kisha akarudi kwa wateja wake.

Kazi iliisha Jumatano. Niliweka oili mpya, nikafunga mipira ya petroli, nikakagua chini kwa tochi. Ningeweza kuwasha siku hiyo hiyo. Sikuwasha. Niliamua kwamba kama injini imeharibika, nitaisikia pamoja na mzee, na kabla ya hapo nitamwambia kila kitu. Siku nne hizo zilikuwa ndefu. Nilichora kibao cha duka la nyama na kukosea herufi mara mbili. Nilifanya mazoezi ya maneno nikiwa juu ya ngazi.

Jumapili saa tisa nilipiga. Binti yake alipokea kama kawaida, akasema, "Huyu hapa, kaka," nikasikia simu ikipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Mzee, sijawasha bado. Kuna jambo. Pampu ilivuja nikaziba lile tundu la chini kwa sabuni. Petroli ikaingia kwa oili. Wiki iliyopita injini ilikuwa inagonga, nami nikaficha simu kwenye feni. Nikakuambia sijaigusa. Nilikudanganya. Nimeweka pampu mpya na oili mpya. Kama imeharibika, ni mimi. Kama unataka kuichukua na kumpa mtu mwingine, nitaelewa."

Akasema, kwa sauti ile ile, "Hapo sawa."

Nikaiweka simu juu ya madigadi ya mbele, chini ya kioo, spika ikiwa wazi. Nilikuwa nimechomoa waya wa koili ili kwanza injini izunguke bila kuwaka, pampu ivute petroli na oili ipande. Nikaketi kwenye usukani. Funguo zilikuwa bado mfukoni, natafuta ipi ni ipi.

"Leo inanguruma vizuri," simu ikasema. "Kuliko hata juzi."

Niliganda. Uwanja ulikuwa kimya. Kulikuwa na sauti ya mafuta kwenye karai, na mtu aliyekuwa anafua ghorofani. Injini ilikuwa baridi kama jiwe.

Nilitoka nikaichukua simu. "Mzee?"

"Hapo sawa," akasema.

"Mzee, unanisikia?"

"Hapo sawa, kijana. Jumapili basi."

Simu ilipita tena mkononi. "Haloo, kaka?" Binti yake alikuwa ameshusha sauti, kana kwamba kulikuwa na haja ya kuishusha.

"Hasikii," nikasema.

"Kweli hasikii. Tangu kabla ya mvua za masika. Mtu akipiga kelele sikioni anapata kidogo, lakini simu hapana."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua hasikii, utaona hakuna haja ya kupiga."

Niliegemea gari. Nilihesabu Jumapili nilizojivuna. Zile "Hapo sawa" zote alizisema akiwa ndani ya kimya, akikisia ni dakika moja imepita, au mbili, akichagua wakati wa kunikubalia. Na maungamo yangu ya leo aliyakubali vivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa amenisamehe. Hakuna aliyekuwa amesikia.

"Mimi nimesikia lakini," binti akasema. "Huwa naiweka spika. Nimwambie?"

"Mwambie. Yote. Na umwambie nalileta gari Jumamosi. Hata kama alikataza kwenda mbali. Ataweka mkono kwenye boneti, atajua mwenyewe kama iko sawa."

Nikamsikia akipiga kelele kwa Kikamba, sentensi moja mara tatu, kisha nyingine. Nilielewa maneno mawili, pampu na sabuni. Mbwa alibweka huko kwao. Wakati huo nilirudisha waya wa koili, maana mikono yangu haikujua kingine cha kufanya, nikazungusha stata. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa. Ya tatu ikashika, ikatetemeka, ikatulia. Hapakuwa na mahindi kwenye mkebe. Nilisikiliza kwa makini jinsi alivyokuwa akisikiliza yeye, nikitafuta kosa, na nikatambua kwamba kwa miezi yote hiyo nilikuwa nasikiliza peke yangu.

Simu ikaita jina nililozoea kuitwa na mzee. "Kijana!" Safari hii ilikuwa sauti yake ya Ziwani, ya kufoka. "Kile kipande cheusi hukukitupa?"

"Sikukitupa, mzee!"

"Kile kipande!"

"Kipo! Nilikirudisha!" Nilipiga kelele mpaka madirisha ya juu yakafunguka. Mwangalizi alitoka mlangoni kwake.

"Mwambie kilikuwa kwa gunia langu!" mama wa mandazi akapaza sauti.

Kwenye simu palikuwa na pumzi tu. Hakuwa amenisikia; alikuwa angali anangoja jibu. Niliiweka simu juu ya kifuniko cha kichungi cha hewa, injini ikiitetemesha taratibu, nami nikasimama juu yake na kusema tena, kwa sauti ya kawaida, kwamba kipande cheusi hakitupwi.